Jinsi ya kuziona enzaimu kwa macho yako: maini, mate, papai bichi na kisamvu

Kila mwaka nakutana na sentensi ileile kwenye madaftari ya vijana ninaowafundisha tuisheni hapa Makorora, Tanga, "baridi inaua enzaimu", na kila mwaka naikata kwa kalamu nyekundu na kila mwaka inarudi. Sio uzembe. Wamekariri ile grafu ya kasi ya enzaimu kadiri joto linavyopanda, yenye kilima, wakaona kushoto mstari uko chini na kulia mstari uko chini, wakahitimisha kwamba pande zote mbili ni jambo moja. Sio jambo moja hata kidogo, na ukilielewa hilo tu nusu ya topiki umeimaliza. Kwahiyo nimeamua niandike hapa namna ya kuziona enzaimu, yaani vile vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe hai, zikifanya kazi nyumbani kwako, kwa vitu vya kununua soko la Mgandini na duka la dawa, hata kama shuleni kwenu maabara inafunguliwa siku ya mtihani tu.

KABLA YA KUSHIKA CHOCHOTE

Enzaimu kwenye vitabu vya Kiswahili inaitwa kimeng'enya. Jina zuri, ila linapotosha kidogo, maana linatokana na kumeng'enya chakula na mtu anadhani ziko tumboni tu. Ziko kila penye uhai, kwenye jani la mwembe, kwenye hamira ya maandazi, kwenye damu yako sasa hivi unavyosoma.

Fikiria sukari. Kilo moja ukiiweka kabatini inakaa hata mwaka haigeuki kitu, na ukitaka kuiunguza unahitaji moto mkali. Ila ukiinywa kwenye chai mwili wako unaichoma sukari ileile kwa joto la digrii 37, bila moshi, kidogokidogo. Kila badiliko la kikemia lina kizingiti chake, molekyuli isipopata nguvu ya kukivuka inabaki ilivyo, sasa kazi ya enzaimu ni kukishusha kizingiti. Haiongezi nguvu yoyote kutoka nje. Inashusha kizingiti, mabadiliko yanapita, yenyewe inabaki kama ilivyokuwa na inashika molekyuli nyingine.

Inafanyaje? Karibu enzaimu zote ni protini, yaani mnyororo mrefu uliojikunja ukapata umbo maalum, na kwenye umbo hilo kuna kishimo kimoja ambacho molekyuli fulani ndo inaingia, nyingine haiingii. Mjerumani Emil Fischer mwaka 1894 alifananisha na kufuli na ufunguo wake. Baadaye mwaka 1958 Daniel Koshland wa Marekani akasema kufuli hilo sio gumu kiasi hicho, kishimo kinajirekebisha molekyuli inapoingia. Mi huwa nawaambia vijana wafikirie kofia ya kiua iliyotoka kufuliwa, ipo na umbo lake ila ukiivaa ndo inakaa sawasawa na kichwa. Mshike hilo neno UMBO maana kila kitu tutakachofanya hapa chini kinagusa mojawapo ya mambo mawili, ama umbo la enzaimu, ama mara ngapi enzaimu inakutana na molekyuli yake.

Na enzaimu sio mdudu. Haina uhai hata ife. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira akakamua maji yake, seli zima hamna, akaweka sukari, na bado sukari ikachachuka ikatoa gesi na pombe. Alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907 kwa kazi hiyo. Kwahiyo kwenye karatasi ya mtihani andika "imepoteza umbo lake", usiandike imekufa.

HATUA YA 1: NUNUA VITU

Duka la dawa nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, na kichupa cha ayodini ya kidonda. Usikubali peroksaidi kali ya saluni, inaunguza ngozi. Sokoni chukua maini mabichi robo kilo, papai bichi kabisa lenye utomvu, unga wa muhogo kidogo, siki nyeupe. Nyumbani tafuta glasi za kioo zinazolingana tano au sita, rula, saa ya simu, sahani nyeupe, na barafu. Watoto wasifanye peke yao, na peroksaidi isiguse macho.

HATUA YA 2: MAINI NA PEROKSAIDI

Hii ndo naipenda kuliko zote, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Peroksaidi ni sumu ambayo seli zako zenyewe zinaitengeneza kila wakati kama taka ya shughuli zao, na mwili umeweka enzaimu inaitwa katalezi ya kuivunja iwe maji na oksijeni. Katalezi ni kati ya enzaimu zenye kasi kubwa kabisa zinazojulikana, molekyuli yake moja inaweza kuvunja mamilioni ya molekyuli za peroksaidi kwa sekunde moja. Maini yamejaa katalezi.

Mimina vijiko viwili vya chakula vya peroksaidi kwenye kila glasi. Kata vipande vya maini vinavyolingana, kila kimoja kama ukubwa wa punje kubwa ya karanga. Glasi ya kwanza weka kipande kizima. Ya pili weka kipande kama hicho lakini ukikatekate vidogo sana. Ya tatu weka kipande ulichokichemsha dakika 5 halafu UKAKIPOZA kabisa (watu wanasahau kupoza, halafu wanachanganya joto la sasa na joto la zamani). Ya nne kipande pamoja na peroksaidi yake vyote vikae kwanza kwenye barafu dakika 15 ndo uvikutanishe hukohuko kwenye barafu. Ya tano kipande kilicholoweshwa kwenye siki dakika 10. Pima kimo cha povu kwa rula baada ya dakika moja, andika.

Utaona kipande kizima kinatoa povu, kilichokatwakatwa kinatoa povu zaidi na kwa haraka maana seli nyingi zimepasuka na katalezi imetoka nje, kilichochemshwa kimya kabisa, cha barafu kinavuta miguu, cha siki povu limepungua sana. Ukichukua kijiti, ukakiwasha ukazima mwali ukabaki na kaa jekundu, ukakisogeza juu ya povu la glasi ya pili bila kulowesha, kaa linang'aa upya na linaweza kushika moto. Hiyo ni oksijeni.

Sasa usimwage. Hapa ndo pale nilipokuwa napataka.

Itoe glasi ya barafu, ishike kwa viganja vyako viwili, subiri dakika chache. Povu linaanza kupanda. Enzaimu ilikuwepo muda wote, umbo lake zima, ila kwenye baridi molekyuli zinatembea taratibu kwahiyo zinakutana mara chache. Kwa ujumla joto likipanda digrii 10 kasi inakaribia kuwa mara mbili, mpaka ufike kwenye kile kilele. Halafu shika glasi ya maini yaliyochemshwa, ipashe viganjani hivyohivyo, iweke juani, ipe siku nzima. Hakuna kitu. Joto kali limelegeza mikunjo ya protini na kishimo kimepotea, ni kama yai lililochemka, huwezi kulipoza likarudi ute. Kushoto kwa ile grafu enzaimu inasubiri, kulia imeharibika. Kama bado huamini, weka kipande cha maini kwenye friza usiku kucha, asubuhi kiyeyushe ukitie kwenye peroksaidi mpya, kinatoa povu vizuri tu.

Kitu cha mwisho kwa maini. Rudi glasi ya kwanza povu likiwa limetulia kabisa. Jiulize swali: kilichoisha ni maini au ni peroksaidi? Toa kile kipande kitie kwenye peroksaidi mpya, povu linapanda tena. Na kwenye yale maji yaliyobaki tia ini jipya, halitoi povu la maana. Kwahiyo kilichoisha ni peroksaidi, katalezi haikutumika ikaisha. Kuna binti mmoja mwaka jana alipofanya hili akaniambia, "Mwalimu, kumbe haichoki!" nikamwambia andika hivyohivyo daftarini kisha chini yake weka lugha ya mtihani.

HATUA YA 3: MATE NA UJI WA MUHOGO

Koroga kijiko cha chai cha unga wa muhogo kwenye glasi moja ya maji, chemsha mpaka uwe uji mwepesi, poza. Suuza mdomo, kusanya mate kama vijiko viwili vya chai. Nusu yake yachemshe kwenye kikopo kidogo kilichowekwa ndani ya maji yanayochemka, kisha yapoze.

Glasi tatu, kila moja vijiko viwili vya chakula vya uji. Ya kwanza tia mate mabichi nusu kijiko cha chai, ya pili kiasi hichohicho cha mate yaliyochemshwa, ya tatu mate mabichi pamoja na kijiko cha siki. Zote zikae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga, hapo uko karibu na digrii 37 bila hata termomita. Kwenye sahani nyeupe panga matone ya ayodini, na kila baada ya dakika 2 chukua tone la kila glasi uliangushie kwenye tone lake. Kwenye wanga inageuka bluu nyeusi, kama mlivyozoea kwenye fudi testi, yale majaribio ya kupima chakula shuleni. Glasi ya kwanza utaona rangi inapungua, inakuwa ya kahawia, mwisho inabaki rangi ya ayodini yenyewe. Amilezi ya mate imekata wanga wote ukawa sukari ndogondogo. Nyingine mbili zinabaki nyeusi.

Msishangae mkiwa kundi na muda ukatofautiana sana kati ya mtu na mtu, watu hawalingani kiasi cha amilezi kwenye mate, na sehemu ya sababu ni ya kurithi, wengine wana nakala nyingi zaidi za jeni inayoitengeneza.

Sasa onyo, na hili nililipata kwa kukosea. Mwanzoni nilikuwa natumia ndimu badala ya siki, maana ndimu Tanga haikosekani. Ile glasi ya ndimu ikawa inapoteza rangi haraka kuliko zote! Darasa zima likaandika kwamba amilezi inapenda asidi, na mimi nikakaa nimeduwaa nikijua sio kweli ila sijui pa kuanzia. Jibu ni kwamba ndimu ina vitamini C na vitamini C inaiondolea ayodini rangi yake, haina uhusiano na enzaimu kabisa. Tulikuwa tunapima vitamini C. Tumia siki. Na siku zote weka glasi ya kulinganishia, yaani uji na siki bila mate, ungekuwa nayo hiyo usingedanganyika kama mimi.

Kuhusu asidi yenyewe: kila enzaimu ina kipimo chake cha pH (namba ya kupimia asidi, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi) inapofanya kazi vizuri, amilezi ya mate karibu na 7, pepsini ya tumboni karibu na 2, tripsini ya utumbo mdogo karibu na 8. Ndo maana ugali unaanza kuvunjwa mdomoni, ukishuka tumboni na kukutana na asidi ile kazi ya mate inakatika, unakuja kumaliziwa kwenye utumbo mdogo na amilezi nyingine. Asidi au besi ikizidi inavuruga zile chaji zinazoshikilia mikunjo ya protini, tumerudi kwenye umbo.

HATUA YA 4: WINGI, KWA MFANO WA KIVUKO

Hii huwezi kuiona vizuri nyumbani bila vipimo, kwahiyo tumia kichwa. Wewe uliyewahi kusubiri kivuko pale Pangani kuvuka kwenda Bweni unajua. Magari yakiwa mawili, kivuko kinaondoka na nafasi. Yakiongezeka, kinavusha mengi zaidi kwa saa. Ila ikifika kinajaa kila safari, hata foleni ikifika wapi idadi ya magari yanayovuka kwa saa haiongezeki tena, mpaka uletwe kivuko cha pili. Magari ni molekyuli, kivuko ni enzaimu. Ndo maana grafu ya kuongeza molekyuli inapanda halafu inalala, wakati ya kuongeza enzaimu (magari yakiwepo ya kutosha) inaendelea kupanda. Leonor Michaelis na Maud Menten waliliandikia hili hesabu yake mwaka 1913 na bado inatumika.

HATUA YA 5: PAPAI BICHI KWENYE NYAMA

Wauza mishkaki wanaijua siku nyingi. Papai bichi, utomvu wake una papeini, enzaimu inayokata protini. Gawa nyama mafungu matatu: moja paka papai bichi lililokwanguliwa pamoja na ganda lake, la pili paka papai hilohilo ulilolichemsha vizuri, la tatu usipake kitu. Kijiko cha chakula kimoja kwa kilo kinatosha. Acha nusu saa mpaka saa moja, choma yote pamoja, gawia watu waonje bila kujua ipi ni ipi. La kwanza ndo linalainika. Papai lililoiva halisaidii sana, papeini imepungua. Pweza wangu wa kutoka soko la samaki la Deep Sea nao nawafanyia hivi nisipokuwa na muda wa kuwapigapiga.

Papeini ina tabia ya pekee, inavumilia joto, inafanya kazi kwa kasi zaidi kwenye digrii 60 na kitu, kwahiyo wakati nyama inapata moto taratibu jikoni ndo inakata kwa nguvu, ikipita hapo sana inaharibika yenyewe. Msiandike kwamba enzaimu zote kilele chake ni 37, hiyo ni ya nyingi za mwilini mwetu. Ukiiacha nyama na papai usiku kucha asubuhi utakuta imekuwa kama uji kwa nje, na mikono ioshwe maana wewe pia ni protini.

Chai ni hadithi hiyohiyo. Kule Usambara jani likivunwa linanyaushwa, linasagwa, enzaimu zake zinakutana na hewa linageuka kahawia, halafu linakaushwa kwa joto ili zisimame. Chai ya kijani wanatanguliza joto kabla enzaimu hazijaanza, ndo maana inabaki kijani. Jani moja, kilichobadilika ni wakati wa moto.

HATUA YA 6: VIZUIZI, NA KISAMVU

Kuna vitu vinavyoingia kwenye enzaimu na kuizuia. Vingine vinafanana na molekyuli yake vinagombania kishimo. Mtu aliyekunywa pombe yenye methanoli, hospitali wanaweza kumtibu kwa ethanoli, kwa sababu methanoli inakuwa sumu kali pale enzaimu ya ini inapoigeuza, na ethanoli ikiwepo inaingia kishimoni kwanza. Hiyo ni kazi ya daktari na vipimo vyake, nyumbani usijaribu, kimbiza mtu hospitali. Vizuizi vingine havigombanii kishimo, vinakaa pengine kwenye enzaimu na kuvuruga umbo, hivyo hata uongeze molekyuli haisaidii.

Na kwenye muhogo kuna vyote viwili, enzaimu na kizuizi. Jani na mzizi wa muhogo vina kitu kinaitwa linamarini, na kwenye seli hizohizo, chumba tofauti, kuna enzaimu linamarezi. Zikiwa mbalimbali hakuna shida. Seli ikipasuka zinakutana, inatoka sumu inayoitwa sayanidi, na ndo kizuizi chenyewe. Sayanidi inaikaba enzaimu ya mwisho kwenye mnyororo wa upumuaji ndani ya seli, oksijeni ipo tele na seli haiwezi kuitumia.

Sasa angalia bibi zetu walivyofanya bila kitabu. Kisamvu kinatwangwa KWANZA, ndo kinachemshwa. Ukitwanga unapasua seli, linamarezi inafanya kazi yake yote, sayanidi inatoka. Sayanidi hiyo inachemka kwenye digrii 26 hivi, chini ya joto la mchana wa Tanga, kwahiyo inaondoka na hewa, na moto unamalizia. Ukigeuza, ukatumbukiza majani mazima kwenye maji yanayochemka, unaiharibu enzaimu mapema na linamarini nyingi inabaki mle mle kwenye chakula. Muhogo mchungu nao hivyohivyo, kukwangua na kuloweka na kuanika kunatangulia, kuchemsha mzima haraka hakutoshi.

Kwahiyo ukipika kisamvu leo: twanga mpaka kilainike kabisa, usikimbilie mashine ya kukata vipande vikubwa. Kiache kwenye kinu au beseni muda kidogo. Weka kwenye maji, chemsha sufuria ikiwa wazi na dirisha wazi, kiive vizuri, usikionje kikiwa kibichi. Tui la nazi linaingia mwisho.